Mvumo: tusiukate kichwa, tuupande



Wenye kukaa kandokando ya Lualaba wanaujua mvumo: ule mti mrefu wenye majani kama pepeo na shina lililovimba katikati. Matunda yake ni makubwa, ya rangi ya machungwa, na yakiiva harufu yake inaita watoto toka mbali. Majani yanatupa vikapu, mikeka na kofia. Mbao zake mchwa hawaziwezi.

Lakini wanaotafuta malafu mara nyingi wanaukata kichwa ili maji yatoke. Mvumo una kichwa kimoja tu. Hauchipuki pembeni kama mgomba. Kichwa kikiharibika, mti unakufa. Malafu ya majuma machache yanamaliza mti uliochukua miaka 20 au zaidi kabla ya kuzaa. Mama msukaji naye anabaki bila majani.

Basi tupande. Mwaka jana nilipanda mbegu katika sashe pamoja na wanafunzi, kama tunavyofanya kwa mipapai. Hakuna kilichotoka juu, nikadhani zimeoza. Tulipoinua sashe, kitu kama mzizi mnene kilikuwa kimetoboa chini na kuingia udongoni, kikavunjika. Kosa lilikuwa langu: mbegu ya mvumo inashuka kwanza chini sana, ndipo jani linapanda. Haipendi kuhamishwa.

Fanyeni hivi:

1. Okoteni matunda yaliyoanguka yenyewe. Kuleni nyama yake, toeni mbegu, kwa kawaida 3. Msiziache zikauke.

2. Pandeni palepale mti utakapokaa, kwenye mpaka wa shamba, mkiacha hatua 8 hivi kati ya mbegu na mbegu.

3. Pandeni nyingi. Kuna mivumo dume na mivumo jike. Jike peke yake ndiyo inazaa, na hamtaitambua mpaka itoe maua.

4. Lindeni miche na moto wa kiangazi na mbuzi.

Na chakula cha karibu kipo. Mbegu nyingine zipangeni pamoja kwenye tuta la udongo laini. Baada ya miezi michache chimbueni ile michipukizi minene ya chini, mmenye na kuichemsha kama muhogo. Katika Burkina Faso wanaila hivyo.

Wakati wa kukata majani, acheni yale machanga ya katikati. Tuanze mvua hii: kila mama mbegu 5. Matunda watakula wajukuu. Mikeka tutaisuka sisi.