Tahadhari ya Mvua ya Mawe: Safari ya Habari kutoka Mwanza hadi Didia

Usiku wa tarehe 3 Machi, 2015, mvua kubwa ya mawe iliyoandamana na upepo mkali ilikipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga. Zaidi ya watu 40 walifariki. Nyumba za udongo zilizolowa maji ziliwaangukia watu wakiwa wamelala, mahali ambapo mtu hujiona salama kuliko pote.

Kata ya Didia imo katika mkoa huo huo, upande wa mashariki ya Kahama. Wenyeji wake wengi hulima na kufuga, na nyumba nyingi za vijijini bado hujengwa kwa matofali ya udongo. Mawingu yaliyoifika Mwakata ni ya aina ile ile inayopita juu ya Didia kila msimu wa mvua. Kwa hiyo swali la makala haya si la kinadharia. Je, mtu aliyelala Didia anaweza kuambiwa, nusu saa kabla, kwamba mvua ya namna ile inakuja? Na kama habari hiyo ipo, ni kazi gani inayotakiwa ili imfikie?

Wingu linavyozaliwa

Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000. Maji hupata joto polepole na kupoa polepole, ilhali nchi kavu hupata joto na kupoa upesi. Mchana, hewa iliyo juu ya nchi kavu hupata joto na kupanda, na upepo wenye unyevu hutoka ziwani kuingia bara. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na upepo huvuma kuelekea majini. Ndiyo sababu ngurumo nyingi za bara hutokea alasiri na jioni, na zile za ziwani usiku wa manane na alfajiri. Hata hivyo kanuni hii si amri. Wingu lililokwisha kupata nguvu huweza kuendelea kusafiri juu ya nchi kavu hadi usiku mwingi.

Ndani ya wingu la ngurumo mna mikondo ya hewa ipandayo kwa kasi. Matone ya maji huchukuliwa juu hadi mahali penye baridi kali, yakaganda, yakazidi kuvikwa tabaka za barafu, hata uzito wake ukaushinda mkondo na jiwe likaanguka. Katika nchi za tropiki kiwango cha mgando huwa katika kimo cha kilomita nne na nusu hadi tano juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Shinyanga wenyewe una kimo kinachozidi mita 1,000. Basi jiwe lina kilomita nne tu, au pungufu, za kupita katika hewa yenye joto. Jiwe lenye kipenyo cha sentimita 2 huanguka kwa mwendo wa karibu mita 20 kwa sekunde. Mwanafunzi akigawanya ataona kwamba safari hiyo huchukua kama dakika tatu, muda usiotosha kuliyeyusha.

Rada na umbo la dunia

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada ya hali ya hewa mjini Mwanza. Rada hutoa mapigo ya mawimbi, nayo yakigonga matone au mawe sehemu ndogo ya nguvu yake hurudi. Muda wa kwenda na kurudi huonyesha umbali. Nguvu ya mwangwi huonyesha wingi na ukubwa wa vitu vilivyomo winguni. Mawe makubwa yaliyolowa hutoa mwangwi mkali sana.

Kutoka Mwanza hadi Didia ni kama kilomita 140 kwa mstari ulionyooka. Wimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi huchukua muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lakini dunia ni mviringo. Mwale ulioelekezwa nusu nyuzi juu ya upeo huzidi kuachana na ardhi kadiri unavyokwenda, na ufikapo anga ya Didia huwa umepaa zaidi ya kilomita mbili. Unaliona tumbo la wingu na kichwa chake, lakini hauoni kinachotendeka karibu na mapaa ya nyumba. Hapo ndipo kipimamvua cha kawaida, na jicho la mtu aliye mahali pale, vinapohitajiwa ili kusahihisha picha ya chombo cha thamani kubwa. Shule yoyote yaweza kuwa na kipimamvua, kinachosomwa kila siku saa tatu asubuhi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba.

Wingu likisafiri kilomita 30 kwa saa na likaonekana likiwa umbali wa kilomita 20, kuna dakika 40. Hii ndiyo akiba yote iliyopo. Kila ofisi ambayo habari inalala mezani kwake hukata katika akiba hiyo.

Kutoka Mwanza hadi kitandani

Mnamo mwaka 1970 kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi inayoitwa leo Bangladesh. Kimbunga hicho kilikuwa kimekwisha kuonekana kabla hakijafika pwani. Kilichokosekana ni njia ya kuwafikia watu kwa maneno waliyoyaelewa, na mahali pa kukimbilia. Miaka miwili baadaye nchi hiyo ilianzisha jeshi la watu wa kujitolea wenye bendera na vipaza sauti, na pamoja na ujenzi wa mahali pa kujihifadhi, vifo vya vimbunga vilivyofuata vilipungua sana. Katika kisiwa cha Morisi, taifa dogo katika Bahari ya Hindi, wananchi walizoezwa kwa miaka mingi kufuata daraja nne za tahadhari ya kimbunga. Mtoto wa shule alijua kwamba daraja ya pili ikitangazwa masomo yanasimama. Daraja hizo hazikumweleza tu hali ya anga. Zilimweleza la kufanya.

Nchini Tanzania daraja zipo pia: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa, kila moja na rangi yake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kati ya mwaka 2017 na 2021, Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliendesha mradi wa kuboresha tahadhari za hali mbaya ya hewa katika Bonde la Ziwa Viktoria, ukizihusisha Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Miradi huwa na mwisho, ngurumo hazina. Msimamizi mwenye busara huuliza tangu siku ya kwanza ni nani atakayenunua vipuri, atakayelipa posho ya mtabiri wa zamu ya usiku, na atakayejaza chaji ya simu ya mwenyekiti wa kijiji wakati mradi utakapokuwa umefungwa. Aghalabu fedha nyingi huelekezwa kwenye mitambo, kwa kuwa mitambo huonekana na huzinduliwa kwa sherehe. Posho ya zamu ya usiku haizinduliwi na mtu.

Jambo lililo gumu zaidi ni imani. Mvua ya mawe hupiga ukanda mwembamba, pengine wa kilomita chache tu kwa upana, ilhali tahadhari hutolewa kwa wilaya au mkoa mzima. Chukuliwe mfano wa wilaya yenye vijiji 100, ambayo imetangaziwa mvua ya mawe, nayo ikanyesha kweli katika vijiji vitano. Mtabiri amesema kweli. Lakini watu wa vijiji 95 wamekesha bure, na kesho yake watasema redio imedanganya. Baada ya mara tatu hawataamka tena. Dawa si kutangaza mara chache, wala si kutangaza kila wingu. Dawa ni kuwafahamisha wananchi mapema maana ya uwezekano, na kuwatakia jambo jepesi la kufanya: kuhamia katika chumba au jengo lenye kuta imara, kwa mfano darasa la matofali ya kuchoma lililo karibu. Mtu huvumilia kukesha bure iwapo gharama yake ni ndogo.

Katika ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, hesabu hii ni nyingine. Mchimbaji mdogo aliye ndani ya duara hasikii redio wala simu, na maji yanayojipenyeza katika udongo hulegeza kuta bila kelele. Januari 2024 zaidi ya watu 20 walifukiwa katika machimbo wilayani Bariadi, mkoa jirani wa Simiyu, wakati wa mvua nyingi. Kwa mchimbaji dakika 40 huwa si chochote, maana hatari yake hujikusanya kwa siku kadhaa. Anayehitaji kusikiliza ni msimamizi wa duara aliye juu, naye ndiye anayepoteza fedha kazi ikisimama. Tahadhari inayomwachia yeye peke yake uamuzi huo imeacha mlango wazi.

Kwa Didia, mtandao wa usiku upo tayari, tena wa zamani kuliko rada. Sungusungu walianza katika sehemu hizi za Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kupambana na wizi wa mifugo. Yowe la hatari, ambalo Wasukuma huliita mwano, hupokewa kutoka boma moja hadi jingine, na kila asikiaye anawajibika kutoka. Ila mwano huwaita watu nje kumfuata mwizi, ilhali mvua ya mawe huwataka wakimbilie chini ya paa imara. Mlio wa namna moja hauwezi kubeba amri mbili zinazopingana. Kijiji kitakachotumia njia hiyo hakina budi kuchagua mlio mwingine, filimbi au kengele ya shule, na kukubaliana nao katika mkutano mkuu. Kisha ujaribiwe kabla ya mvua za Novemba, katika usiku mmoja wa Oktoba, watu wakiwa wamelala, na saa ihesabu ni dakika ngapi zimepita tangu simu ya kwanza ilipolia hadi mtu wa mwisho alipoingia darasani.