Presha Inaposhuka Baada ya Sindano ya Mgongo

Askari anapopata habari, akiwa kazini, kwamba mkewe atajifungua kwa kupasuliwa, mara nyingi hofu yake haiwi juu ya kisu bali juu ya sindano. Katika nyumba nyingi za kambini na za vituo vya polisi husemwa kwamba sindano ya mgongo huvunja kiuno, hulemaza miguu, au humfanya mama azimie asiamke tena. Maneno hayo yametiwa chumvi, lakini ndani yake mna chembe ya ukweli ambayo yafaa kila nyumba iifahamu. Baada ya sindano hiyo, nguvu ya msukumo wa damu, yaani presha, hushuka, na mara nyingine hushuka upesi sana. Pasipo hatua za kinga, jambo hilo huwapata zaidi ya nusu ya akina mama. Si ajali, wala si dalili kwamba daktari amekosea. Ni jambo linalotazamiwa, lina sababu inayoeleweka, tena lina dawa. Hatari yake huja pale lisipoangaliwa.

ASILI YA SINDANO HIYO

Haja ya kumtuliza mama maumivu bila kumdhuru yeye wala mtoto ni ya zamani, wala si ya Ulaya peke yake. Mwaka 1879, katika kijiji cha Kahura nchini Bunyoro, mmisionari Robert Felkin aliyekuwa akisomea udaktari alishuhudia mafundi wa huko wakimpasua mama na kumtoa mtoto. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi hata akawa nusu mlevi, na pombe hiyo hiyo ikatumiwa kuoshea mikono ya fundi na tumbo la mama. Felkin alizichapisha habari hizo mwaka 1884 katika jarida la madaktari la Edinburgh, akaeleza kwamba kidonda cha mama kilipona.

Sindano ya mgongo ilianza miaka kumi na tisa baada ya ziara hiyo. Mwaka 1898 daktari wa Kijerumani August Bier, katika mji wa Kiel, alitia dawa ya kokaini kidogo ndani ya maji yanayozunguka uti wa mgongo, na mgonjwa akapasuliwa mguu hali yu macho. Mwaka 1900 Oskar Kreis, katika mji wa Basel nchini Uswisi, aliitumia njia hiyo kwa akina mama waliokuwa na uchungu wa kuzaa. Kokaini imekwisha kuachwa kwa kazi hiyo; leo dawa inayotumika sana ni bupivakaini. Lakini njia ni ile ile: sindano nyembamba, dawa kidogo, na katika dakika chache mwili hufa ganzi kutoka kifuani hadi miguuni.

Madaktari huipendelea kwa sababu nzuri. Mama aliyelazwa usingizi kabisa aweza kutapika, na matapishi yakamwingia mapafuni. Pia humfikia mtoto dawa nyingi zaidi. Mama aliyechomwa sindano ya mgongo hupumua mwenyewe, huzungumza, na humsikia mtoto wake akilia kwa mara ya kwanza.

KWA NINI PRESHA HUSHUKA

Wanajeshi wengi wamepata kumwona mwenzao akianguka gwaride likiwa limesimama kwa muda mrefu juani. Mtu huyo hakupungukiwa na damu. Damu yake imetuama miguuni, na kichwa kimekosa sehemu yake. Akilazwa na kuinuliwa miguu, fahamu humrudia.

Mama aliyechomwa sindano ya mgongo hupatwa na jambo linalofanana na hilo. Mishipa ya damu haikai ikiwa wazi ovyo. Hukazwa wakati wote kwa amri inayopitia mishipa ya fahamu itokayo katika uti wa mgongo. Dawa ya ganzi inapozuia maumivu, huizuia na amri hiyo. Mishipa ya miguu na ya tumbo la chini hulegea na kupanuka, damu hukusanyika huko, na ile inayorudi moyoni huwa haba.

Kwa mwenye mimba kuna na sababu ya pili. Mimba ikikaribia kutimia, mama akilala chali, uzito wa tumbo la uzazi huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walieleza habari za akina mama waliokuwa wakizimia kwa kulala chali tu, nao wakapata nafuu walipogeuzwa ubavu. Ganzi na ulalo huo vikikutana, presha yaweza kuanguka katika dakika chache za kwanza.

Mama mwenyewe huhisi kabla ya wengine. Huanza kwa kichefuchefu, kizunguzungu, miayo, jasho jembamba la baridi, au hisia kwamba taa zinafifia. Mtoto naye huathirika, kwa kuwa mimba inapotimia tumbo la uzazi hupata zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika, na wingi huo hufuata presha ya mama. Presha ikikaa chini kwa muda mrefu, mtoto hukosa hewa ya kutosha.

ULINZI NDANI YA CHUMBA CHA UPASUAJI

Kabla ya sindano, mtaalamu wa dawa ya usingizi humpima mama presha na kumtundikia dripu. Ganzi ikisha kuingia, mama hulazwa akiwa ameinamishwa kidogo upande wa kushoto, au huwekewa mto chini ya nyonga ya kulia, ili uzito wa tumbo uuachie ule mshipa mkubwa. Maji ya dripu huongezwa wakati huo huo. Lakini maji na ulalo peke yake mara nyingi havitoshi, na hapo ndipo inapohitajika dawa ya kukaza mishipa.

Efedrini ni dawa ya tangu zamani. Hupatikana katika kichaka ambacho Wachina walikitumia kwa karne nyingi, nayo iliingia katika hospitali za nchi za Magharibi katika miaka ya 1920. Siku hizi wataalamu wengi hutanguliza fenilefrini, kwa kuwa huikaza mishipa moja kwa moja na haimsumbui mtoto kama efedrini. Kwa kuwa fenilefrini yaweza kuupunguza mwendo wa moyo wa mama, mapigo ya moyo nayo huangaliwa. Pasipo na fenilefrini, efedrini ingali inaokoa.

Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa shauri la pamoja: namba ya juu ya presha ijaribiwe kushikiliwa katika asilimia 90 au zaidi ya ile aliyokuwa nayo mama kabla ya ganzi. Kwa mfano, aliyekuwa na 120 asiachwe ashuke chini ya 108. Kutimiza hayo, presha hupimwa kila baada ya dakika moja au mbili mpaka mtoto azaliwe. Kazi hiyo yaweza kufanywa hata na kipimo cha kawaida cha mkanda wa mkononi, ambacho kilibuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896. Hospitali ndogo isiyo na mashine za fahari yaweza kumlinda mama vema, mradi pawepo mtu ambaye kazi yake ni kumwangalia yeye na si jambo lingine.

WAJIBU WA MAMA NA WA NYUMBA YAKE

Akina mama wengi wamefunzwa kwamba kuvumilia kimya ni heshima. Katika chumba cha upasuaji desturi hiyo haifai. Mama akihisi kichefuchefu au kizunguzungu, na aseme mara moja. Akiona mikono inakufa ganzi, au kupumua na kusema kunakuwa kugumu, aseme bila kungoja, kwa maana pengine ganzi imepanda juu kupita kiasi.

Mume na jamaa nao wana sehemu yao. Daktari aelezwe kweli yote: kama mama ametokwa na damu nyingi, kama ana ugonjwa wa moyo au presha ya kupanda, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama ana homa, na saa aliyokula mara ya mwisho. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa anayevuja damu nyingi au ambaye damu yake haigandi, daktari huenda akachagua usingizi kamili, naye ana sababu.

Baada ya upasuaji, ganzi huisha kwa saa chache na miguu hurudi katika hali yake. Kupooza kwa kudumu ni jambo la nadra sana. Mama asisimame peke yake mara ya kwanza, maana kizunguzungu chaweza kumwangusha. Akiumwa sana kichwa anapoketi na kupata nafuu anapolala, amweleze daktari, kwani hilo latibika.

Basi mume anapoletewa karatasi ya kutia sahihi, asikatae kwa uvumi wala asikubali kwa woga. Aulize presha ya mkewe ni ngapi sasa, nani ataipima baada ya sindano, na kama dawa ya kuipandisha iko tayari. Ni maswali ya haki, na daktari mwema hatachukizwa nayo.