Kabla ya Kununua Hita Nyingine ya Maji

Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ilipokuwa imefika kileleni, tangi la maji moto nyumbani kwangu lilitoboka. Lilikuwa limefichwa juu ya dari kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna aliyelikumbuka hadi maji yalipoanza kudondoka kitandani. Fundi niliyemwita alilitazama mara moja tu, akasema: "Mwalimu, tutoe hili, tuweke jingine kama hili hili."

Rai hiyo ilikuwa na mvuto wake, maana mtu aliyeamka kuoga maji baridi hana subira ya mjadala. Hata hivyo, tangi lile lilinunuliwa kwa mahitaji ya zama nyingine. Tulikuwa watu saba nyumbani. Leo tumebaki watatu.

Basi nikachukua kalamu. Tangi lilikuwa la lita 150. Kuyapasha maji hayo moto kutoka nyuzi 18 hadi 60 huhitaji zaidi ya yuniti 7 za umeme. Ilhali mtu akioga kwa lita 40 za maji ya nyuzi 40, hutumia kama lita 21 tu za maji ya tangini. Zilizosalia hutoka katika bomba la baridi. Sisi watatu, basi, twahitaji lita 63. Kumbe kila siku tulikuwa tukiwachemshia maji watu waliokwisha kuhama! Na maji yasiyotumika hayatunzi joto lake lote. Hulipoteza polepole usiku kucha, na bili ikaongezeka bila mtu kuoga. Wapo wanaojaribu kubana matumizi kwa kuyaacha maji ya tangini katika nyuzi 40 au 45. Huo ni ubahili wa hatari, kwani vuguvugu hilo huweza kulea bakteria wa kudhuru mapafu.

Jirani yangu alinishauri niweke shawa ya umeme, ile inayopasha maji papo kwa papo. Kwa upande wa bili ni vigumu kumbishia: dakika 10 za shawa ya kilowati 5 hazifikii yuniti moja. Lakini kilowati 5 kwa volti 240 ni karibu ampia 21. Huo ni mzigo unaodai waya wake wenyewe, mnene, kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, na swichi yake. Na zaidi ya yote wahitaji waya wa ethi, unaoupeleka ardhini umeme uliotoroka. Katika nyumba nyingi za kupangisha, shawa hizi zimeungwa kwenye waya uleule wa taa.

Hapa naomba nitue kidogo. Wanafunzi wangu wanaoishi katika vyumba vya kupanga wana msemo wao: shawa "inatekenya". Mtu hugusa bomba, akahisi mkono umemsisimka, akacheka, akaendelea kuoga. Mimi ni mtu wa isimu, na neno hilo lanitia hofu, kwa kuwa limekifunika kifo kwa vazi la mchezo. Labda tumezoezwa tangu zamani. Wakenya husema stima, neno lililozaliwa na mvuke wa meli na mitambo, ilhali umeme kwa asili ni ule mwako wa radi angani. Shawa ikikutekenya, umeme umekwisha toroka. Kilichokuokoa leo huenda ni ndala za mpira tu.

Mwishowe nilielekea kwenye jua. Nairobi iko karibu na ikweta, na katika mtambo wa kawaida wa paa hapahitajiki pampu: maji yakipata joto huwa mepesi, yakapanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu ya paneli. Stima ikipotea, maji ya moto yangalipo. Lakini jua nalo lina masharti yake. Tangi la lita 150 lina kilo 150 za maji peke yake, hivyo mbao za paa hukaguliwa kwanza. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi huacha magamba ndani ya mabomba. Na mawingu ya Julai hudai elementi ya akiba, nayo yahitaji ethi vilevile. Kwa mwalimu anayeweza kupata uhamisho wakati wowote, kulipamba paa la mwenye nyumba si busara. Yeye atafute shawa iliyofungwa na fundi mwenye leseni, au abaki na sufuria yake bila haya.

Fundi wangu alinuna kidogo niliposisitiza tuanze na ethi kabla ya kupanda paani. Alipopima, alikuta waya huo ulikatwa zamani na kuachwa ukining'inia nyuma ya dari. Miaka yote hiyo tulikuwa tukioga kwa bahati.

Jioni hiyo nilimpigia simu binti yangu, ambaye anasoma mbali na anaishi katika hosteli ya kibinafsi. Nilimuuliza kama shawa yao hutekenya. Akacheka. "Kidogo tu, Baba."

Nilimwambia asiiguse tena, amwarifu msimamizi usiku huo huo. Hadi ninapoandika haya fundi hajafika, na binti yangu anaogea beseni.