Karani wa Pili katika Ghala la Kompyuta

Wengi hudhani kuwa mali yenye nakala tatu haiwezi kupotea. Hadoop, programu ihifadhiyo habari katika kompyuta nyingi pamoja, huweka kila fungu nakala tatu isipoagizwa vingine. Hata hivyo zote zaweza kupotea. Kwa nini? Kompyuta moja tu, ndiyo karani, hujua fungu gani liko wapi. Daftari lake likiungua, masanduku yamo ghalani lakini hakuna ajuaye kilichomo.

Kwa hiyo Hadoop 2, iliyokamilishwa mwaka 2013, huruhusu karani wa pili, naye awe na nguvu sawa na wa kwanza. Kila badiliko aandikalo wa kwanza hupelekwa kwa watunza kumbukumbu wasiopungua watatu, na wa pili hulisoma hapo akalinakili. Hesabu yao yafaa iwe witiri, maana neno hukubaliwa na walio wengi. Watunza masanduku nao huwaarifu makarani wote wawili.

Lakini hatari kubwa, kwa maoni yangu, si kufa kwa karani, bali kudhaniwa amekufa naye yu hai. Wawili wakiamuru pamoja, daftari huharibika. Basi wa kwanza hufungiwa mlango, ikibidi hukatiwa umeme, ndipo wa pili aketi kitini.