Goma: Mbwa akiuma mtu, msikimbilie kumuua

Katika parseli nyingi za Goma, mbwa ndiye mlinzi asiyelipwa. Mchana anafungwa mnyororo juani, usiku anafunguliwa. Chakula chake ni bugali iliyobaki na vichwa vya sambaza. Siku ambazo bido zimekauka, hakuna anayekumbuka kumpa maji. Chanjo inakuja mwisho kabisa, kama inakuja.

Siku akimuuma mtoto wa jirani, mambo yanakwenda haraka. Vijana wa avenue wanakusanya fimbo na mawe, mbwa anauawa, mzoga unatupwa. Mtoto anawekewa jiwe jeusi na watu wanarudi nyumbani wakiamini yameisha. Kumbe wameua shahidi.

Mbwa mwenye kichaa, ambacho wengi wetu tunakiita raji, haishi siku nyingi mate yake yakishaanza kuambukiza. Ndiyo maana waganga wa mifugo wanaomba mbwa aliyeuma afungwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na virusi mateni siku aliyouma. Lakini akianza kung'ata ovyo hata mbao, kutokwa mate, kubadilika sauti, kushindwa kumeza au kulegea miguu ya nyuma, jambo ni zito.

Aliyeumwa haongoji siku hizo 10. Anaanza sindano mara moja, na mganga anaweza kuzisimamisha ikiwa mbwa amebaki mzima.

Kabla ya sindano kuna sabuni. Kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji mengi dakika 15, tena kwa kuangalia saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyofikiri. Kisha ni kituo cha afya, siku hiyohiyo. Jiwe jeusi halitoi virusi, linapoteza wakati tu. Virusi vinapanda polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, mara nyingi kwa wiki au miezi, na dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, OMS, mbwa ndio chanzo cha visa 99 kwa 100 vya kichaa kwa binadamu, na watoto wa chini ya miaka 15 ni kati ya wanaoumwa zaidi. Mtoto mara nyingi anaficha kidonda kwa kuogopa kugombezwa. Wazazi, msiwachape kwa hilo.

Mbwa anachanjwa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Paka vilevile. Muulize anayechanja kama dawa ilikaa kwenye frigo, kati ya digri 2 na 8, kwa sababu umeme wetu tunaujua, na chanjo iliyokaa mfukoni kwenye joto inaweza kupoteza nguvu. Mwombe pia karatasi yenye tarehe na uitunze pamoja na fishi za watoto. Siku mbwa wako akiuma mtu, jirani ataiulizia.