Seneti ya Roma na Seneti ya Washington

Mwaka 60 KK Julius Caesar alirudi kutoka Hispania akitaka mambo mawili kwa mpigo: gwaride la ushindi na kugombea ukonsuli, cheo kikuu cha Roma. Sheria ilimbana. Jemadari anayesubiri gwaride haruhusiwi kuvuka mpaka mtakatifu wa mji, na mgombea sharti afike mjini mwenyewe. Akaiomba Seneti imruhusu kugombea akiwa nje. Mpinzani wake, Cato Mdogo, alijua kwamba kikao lazima kivunjwe jua likizama. Alipopewa nafasi ya kuchangia akasimama, akaongea, akaongea, mpaka giza likaingia bila ombi kuamuliwa. Caesar alikuwa amekwisha kuelewa: akaliacha gwaride, akaingia mjini, akagombea na kushinda.

Wamarekani wanaujua mchezo huo. Agosti 1957 seneta Strom Thurmond wa South Carolina aliongea kwa saa 24 na dakika 18 kupinga muswada wa haki za kiraia, na bado ukapita. Leo hakuna haja ya kuchoka kiasi hicho. Tangu 1975, kufunga mjadala wa miswada mingi kunahitaji kura 60 kati ya 100, kwa hiyo walio wachache wakitishia tu, muswada unalala. Cato angewaonea wivu.

Zaidi ya hapo, jina linadanganya. Seneti ya Roma enzi za Jamhuri haikutunga sheria. Wajumbe wake, wapatao 600 baada ya mageuzi ya dikteta Sulla, walikuwa watu waliowahi kushika vyeo. Walikaa humo maisha yao yote, bila mshahara, wakitoa ushauri ambao viongozi wengi hawakuthubutu kuupuuza. Sheria zilipigiwa kura na raia wenyewe, wanaume tu, tena wale walioweza kufika Roma siku hiyo. Usidhani kura zilikuwa sawa. Katika mkutano uliochagua makonsuli, makundi 193 yalipangwa kwa mali, matajiri wakitangulia, na mara nyingi mshindi alijulikana kabla maskini hawajaitwa. Mwenzao wa Washington anachaguliwa na wananchi tangu 1913, analipwa dola 174,000 kwa mwaka, na sheria anaitunga kweli.

Anavyoitunga ndipo Mroma angeshangaa. Mwaka 98 KK ilipitishwa sheria ya Caecilia Didia: muswada utangazwe hadharani, magulio matatu yapite ndipo upigiwe kura, na usichanganye mambo yasiyohusiana, ili mpiga kura asimezeshwe asichokitaka pamoja na anachokitaka. Haikuwa pambo. Sheria za mwanasiasa Livius Drusus zilibatilishwa mwaka 91 KK, na kuikiuka kulikuwa miongoni mwa sababu.

Sasa tazama Desemba 21, 2020. Muswada wa kurasa 5,593 ulitolewa mchana, na usiku huohuo mabunge yote mawili yakaupitisha. Ndani yake mlikuwa na bajeti ya serikali, misaada ya UVIKO-19, makumbusho mawili mapya ya Smithsonian, na msimamo wa Marekani kuhusu nani mwenye haki ya kumpata Dalai Lama ajaye, kiongozi wa kidini wa Watibeti. Hakuna mbunge aliyeusoma wote. Saa zenyewe hazikutosha.

Majimbo mengi ya Marekani, Florida na Minnesota yakiwemo, yameandika kwenye katiba zao kwamba muswada mmoja ubebe jambo moja. Bunge la Washington halina sharti hilo hadi leo.