Tulieni, Tulieni: Dawa ya Mahindi na Kinga ya Mbeba Gunia

Msomaji wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, ameuliza kama dawa ya vumbi inayochanganywa na mahindi inashusha kinga ya wabeba magunia wa soko lile. Neno "kushusha" ndilo linalonikera. Tangu enzi za UKIMWI tumeizoea kinga kama maji ya tangi, hupanda na kushuka. Wengine huiita kingamwili, ilhali kingamwili ni protini zile tu zinazomnasa kijidudu. Kinga haina kimo. Ina amri.

Dawa hiyo ilienea baada ya dumuzi, aliyebatizwa Scania, kuvamia maghala yetu. Ndani yake permethrini humuua dumuzi, pirimifosi-methili humuua fukusi kwa kuziba kimeng'enya kinachofuta asetilikolini kwenye neva. (Kumeng'enya ni kazi ya tumbo, hiki ningekiita kifutio.) Kifutio kimoja huvunja maelfu ya molekuli kwa sekunde, nasi tunacho pia. Mwaka 2000 kundi la Kevin Tracey, New York, lilionyesha kwa panya kwamba asetilikolini huziamuru seli za kinga zitulie. Chukua sungusungu wa kijiji. Filimbi ikilia wanatoka na marungu. Mtendaji akimtuma kijana aseme "tulieni", wanaketi. Kijana akishasema huondoka, ili siku ya wezi filimbi isikike. Sasa mzuie asiondoke, kama dawa inavyoiacha asetilikolini bila kifutio: yuko mlangoni usiku kucha, tulieni, tulieni. Wapo watakaolala wezi wakipita. Wapo watakaomchoka, wasitulie hata mtendaji akija mwenyewe. Na kweli, vipokezi vya asetilikolini vikigongwa mfululizo huzizima. Kwa jicho hilo ushahidi haupingani tena: wanyama wa maabara waliopewa dozi kubwa za dawa za jamii ya pirimifosi-methili waliunda kingamwili chache, na kwa wapulizia dawa wa Marekani, wanaofuatiliwa tangu 1993, baadhi ya dawa hizo zimeambatana na kifua kutoa mluzi.

Mtasema dozi ni ndogo: gramu 100 hivi za unga kwa gunia la kilo 100, na pirimifosi-methili humo haifiki gramu 2. Ni kweli kwa mlaji anayekoboa na kupika. Mbeba gunia anavuta. Gunia likitua begani hupumua kupitia nyuzi zake, vumbi likagandia shingo yenye jasho. Tena vumbi la nafaka lina mabaki ya bakteria na ukungu, ambayo ndiyo filimbi yenyewe. Filimbi na "tulieni" huingia kwa pumzi moja. Vumbi tupu nalo hukohoza, sikatai.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awapime wafanyakazi wake. Anayelipwa kwa gunia, kila gunia na tajiri wake, nani atampima? Kwa hiyo, msomaji, kinga haishuki, inavurugwa amri. Funga kitambaa puani, nawa shingo kabla ya kula, na fulana ya sokoni usiingie nayo kitandani.